Mzaha Mzaha Hutumbuka Usaha: Mchezo, Yowe na Uonevu wa Mapokezi katika Filamu ya Hell Night

Ikisiri

Makala haya yanachambua filamu huru ya kutisha ya Kimarekani, Hell Night (1981), iliyoongozwa na Tom DeSimone, kwa kuangalia jinsi inavyosawiri mateso wanayofanyiwa wanafunzi wapya wanaoomba kujiunga na vyama vya udugu vyuoni. Uchambuzi unaongozwa na mawazo ya Gregory Bateson kuhusu mchezo, J. L. Austin kuhusu vitendo-uneni na Arnold van Gennep kuhusu ibada za mpito. Hoja kuu ni kwamba hofu ya filamu hii imo katika lugha kabla ya kuwamo katika mauaji: chama kinapotangaza kuwa kila kinachotendeka ni mzaha, yowe la aliye hatarini hupoteza nguvu ya kuita msaada. Hoja hiyo inafuatiliwa katika matukio manne ya filamu, kisha inatumiwa kupima maneno ya Kiswahili yanayoweza kukitaja kitendo hicho. Inapendekezwa kwamba maneno jando na utani yaepukwe, na kwamba uonevu wa mapokezi ndiyo istilahi inayokibeba vyema zaidi.

Istilahi muhimu: filamu ya kutisha, mchezo, vitendo-uneni, ibada za mpito, uonevu wa mapokezi

1. Utangulizi

Katika vijiji na mitaa mingi ya Afrika Mashariki, yowe ni zaidi ya sauti. Anayelipiga usiku huwatwika wanaolisikia wajibu wa kutoka na kwenda lilikotokea, awe anayeita ni ndugu au mpita njia. Ndiyo maana anayepiga yowe la uongo hulaumiwa na wote: amechezea chombo ambacho kesho mwingine atakihitaji. Hekima hiyo haiko mbali na methali isemayo mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kinachoanza kwa kicheko huweza kuishia katika jeraha, na mara nyingi jeraha hugunduliwa kwa kuchelewa kwa sababu waliokuwa karibu walidhani kwamba watu bado wanacheka.

Makala haya yanaichukua methali hiyo kuwa mlango wa kuingilia kazi iliyotungwa mbali na mazingira yake. Hell Night, jina lenye maana ya usiku wa jahanamu, ilitolewa Marekani mwaka 1981. Mswada wake uliandikwa na Randy Feldman, na watayarishaji wake walikuwa Irwin Yablans na Bruce Cohn Curtis. Ni filamu huru kwa maana kwamba ilitengenezwa na kusambazwa nje ya kampuni kubwa za Hollywood. Msambazaji wake, Compass International Pictures, ndiye aliyekuwa amesambaza Halloween ya John Carpenter mwaka 1978, filamu iliyogharimu takribani dola 300,000 tu na kufungua njia kwa wimbi zima la filamu za wauaji wanaowinda vijana. Mhusika mkuu wa Hell Night, Marti Gaines, anaigizwa na Linda Blair, ambaye watazamaji walikuwa wakimfahamu tangu The Exorcist (1973).

Filamu za aina hii aghalabu huhesabiwa kuwa burudani nyepesi, na ni kweli kwamba Hell Night haikosi vitisho vya kawaida: jumba la kale, mishumaa, njia za chini kwa chini, damu. Hata hivyo, chini ya vitisho hivyo kuna swali zito la kipragmatiki. Ni nini hutokea kwa lugha ya watu wanapokubaliana kwamba kwa usiku mmoja hakuna neno litakalochukuliwa kwa maana yake? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kueleza kwanza desturi inayosawiriwa, kisha mkabala wa uchambuzi, kisha filamu yenyewe, na hatimaye namna Kiswahili kinavyoweza kuitaja desturi hiyo bila kuipamba.

2. Vyama vya udugu na majaribio ya waombaji

Vyama vya udugu vya wanafunzi vina historia ndefu Marekani. Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa mwaka 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia, ndicho cha kwanza kujiita kwa herufi za Kigiriki; baadaye kiligeuka kuwa jumuiya ya kuwaenzi wanafunzi wenye ufaulu wa juu. Vyama vya kijamii, vyenye siri, viapo na nyumba zao, vilifuata mfano wa Kappa Alpha Society, kilichoanzishwa mwaka 1825 katika Union College, New York. Vyama vya wanawake navyo viliibuka katika karne hiyohiyo. Mwanafunzi anayetaka kujiunga hualikwa kwenye karamu, hupimwa na wanachama, kisha akikubaliwa kwa muda huingia katika kipindi cha majaribio. Kiingereza humwita mwombaji huyo kwa neno lilelile lenye maana ya ahadi, kana kwamba mtu na ahadi yake ni kitu kimoja. Siku za mwisho za kipindi hicho huitwa wiki ya jahanamu au usiku wa jahanamu, na hapo ndipo filamu ilipochota jina lake.

Majaribio hayo yamekuwa yakiua kwa muda mrefu. Mwaka 1873 mwanafunzi wa Cornell University alikufa kwa kuanguka korongoni alipokuwa akiingizwa katika chama cha namna hii. Mnamo Februari 1978 mwanafunzi wa Alfred University, jimboni New York, alifariki baada ya kufungiwa ndani ya buti la gari pamoja na pombe aliyotakiwa kuimaliza. Mama yake alianzisha kamati ya kupinga vifo vya namna hiyo na kuitumikia kwa miaka mingi. Kwa mujibu wa kumbukumbu zilizokusanywa na mwanahabari Hank Nuwer, tangu mwaka 1959 hadi 2021 haukupita mwaka bila angalau kifo kimoja cha aina hii nchini humo. Mwaka 2017, katika Pennsylvania State University, mwombaji aliyenyweshwa pombe nyingi alianguka kwenye ngazi ndani ya nyumba ya chama, na zilipita takribani saa 12 kabla wenzake hawajaita msaada. Jimbo la Pennsylvania lilitunga sheria kali zaidi mwaka uliofuata, na mnamo Desemba 2024 ilitiwa saini sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo kutoa taarifa za matukio hayo hadharani.

Mwaka 1978 una umuhimu wa pekee kwa mada hii. Mwaka huohuo wa kifo cha Alfred University, watazamaji wa Marekani walifurika kutazama National Lampoon's Animal House, vichekesho vilivyoufanya ulevi na vituko vya vyama vya udugu kuwa kioja cha kupendeza, na mwaka huohuo Halloween iliwaonyesha vijana wakifuatwa na muuaji asiyezungumza. Hell Night, iliyotoka miaka mitatu baadaye, inavikutanisha vicheko vya filamu ya kwanza na kisu cha filamu ya pili. Inaanza kama vichekesho vya karamu na kuishia kama filamu ya mauaji, na mpaka kati ya sehemu hizo mbili umefichwa kwa makusudi. Kuficha mpaka huo ndiko kunakoipa filamu maana yake.

3. Mkabala wa uchambuzi

Bateson, katika insha yake ya mwaka 1955 kuhusu nadharia ya mchezo, anaanza na jamii ya nyani aliowaona wakicheza katika bustani ya wanyama ya San Francisco. Mnyama anayemng'ata mwenzake kwa mchezo hutoa ujumbe wa ngazi mbili: anang'ata, na papo hapo anaashiria kwamba kung'ata huko hakumaanishi kile ambacho kung'ata kwa kweli kungemaanisha. Ujumbe wa pili ndio unaoweka fremu ya mchezo. Bateson anaongeza kuwa ipo aina tata zaidi ya mchezo, ambayo haijengwi juu ya tamko kwamba huu ni mchezo bali juu ya swali iwapo huu ni mchezo. Mfano wa kidesturi anaoutoa ni mateso wanayofanyiwa wanaoingizwa katika kundi. Kwa maneno mengine, mwombaji ananyimwa ile ishara ya pili. Anang'atwa, lakini haambiwi kung'atwa huko kuna maana gani.

Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, anatofautisha kusema na kutenda kwa kusema. Anayeahidi, anayeonya au anayeomba msaada hutenda jambo kwa maneno yake, lakini kitendo hicho hutegemea masharti ya muktadha. Maneno yaleyale yakisemwa na mwigizaji jukwaani huwa matupu: ahadi ya jukwaani haimfungi mtu, na onyo la jukwaani halimtoi mtu kitini. Mawazo haya mawili yanapowekwa pamoja, tatizo la uonevu vyuoni huonekana wazi. Chama hugeuza usiku mzima kuwa jukwaa bila kuwaonyesha waombaji jukwaa linapoishia.

Kwa upande wa muundo, van Gennep alionyesha mwaka 1909 kwamba ibada za mpito huwa na hatua tatu: kutengwa, kukaa ukingoni, na kurejeshwa katika jamii kwa hadhi mpya. Hatua ya tatu ndiyo inayozipa maana mbili za mwanzo. Mpito usio na marejeo hubaki kuwa utengano tu.

4. Uchambuzi wa filamu

4.1 Fanani langoni

Filamu inaanza katika karamu ya mavazi ya kuigiza ya chama cha Alpha Sigma Rho. Kiongozi wake, Peter, anawaongoza wanachama na waombaji wanne hadi kwenye jumba liitwalo Garth Manor. Jumba hilo kwa nje ni Kimberly Crest, lililojengwa mwaka 1897 katika mji wa Redlands, California. Waombaji hao ni Marti, Jeff, Seth na Denise. Mtihani wao ni kulala humo hadi asubuhi, lango likiwa limefungwa kwa ufunguo anaobaki nao Peter.

Mbele ya lango, Peter anasimulia. Anaeleza kwamba miaka 12 iliyopita Raymond Garth, mwenye jumba, aliwaua mke wake na watoto wake waliozaliwa na ulemavu, kisha akajinyonga, na kwamba inasemekana mtoto mmoja, Andrew, alinusurika na bado yumo humo ndani. Kwa istilahi za fasihi simulizi, huyu ni fanani aliyekamilika: ana hadhira, ana jukwaa, ana usiku, na anajua mahali pa kushusha sauti. Anachokitamba ni kisakale, yaani masimulizi yanayodai kuwa yalitokea mahali panapojulikana kwa watu wenye majina.

Lakini kuna kasoro katika utambaji huu. Fanani wa kisakale kwa kawaida hukikabidhi kwa hadhira kama ukweli wa jamii, au angalau kama onyo. Peter anakitamba bila kukiamini, na hadhira inakisikiliza kama sehemu ya tamasha. Hakuna anayejua kwamba kila neno lake ni kweli. Hapa filamu inaweka kinaya kinachoiongoza hadi mwisho: onyo limetolewa kikamilifu, kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi wengi, na hakuna aliyeonywa. Kwa mujibu wa Austin, maneno yote ya onyo yapo ila kitendo cha kuonya hakikufanyika.

4.2 Vipaza sauti

Baada ya wageni kuondoka, Peter anarudi kwa siri pamoja na wanachama wenzake May na Scott ili kuwatisha waombaji. Wamekwisha kutega vipaza sauti na hila nyingine ndani ya jumba, na mayowe ya kurekodiwa yanasikika gizani. Waombaji wanashtuka, kisha wanagundua hila na kutulia. Ugunduzi huo ndio hatari kubwa kuliko zote. Tangu hapo kila sauti ina maelezo tayari: ni akina Peter.

Wakati huohuo nje ya jumba mauaji yameanza. May anauawa wa kwanza, kisha Scott juu ya paa, kisha Peter katika bustani yenye vichochoro vya kupoteza njia. Mfuatano huu una mantiki yake. Wanaoangamia mwanzo ni wale waliotengeneza sauti za uongo, na wanaangamia wakiwa wamezungukwa na mayowe waliyoyarekodi wenyewe. Yowe la kweli linapotoka halina la kulipambanua na lile la kanda. Wapigaji yowe la uongo wamekiharibu chombo, na wao ndio wa kwanza kukihitaji.

Filamu inaitumia vyema sanaa yake hapa. Kitabu kingelazimika kumwambia msomaji ni yowe lipi la kweli na lipi la bandia. Filamu inampa mtazamaji sauti tu, na kwa muda mtazamaji naye anakuwa mwombaji: anasikia na kujiuliza swali la Bateson, iwapo huu ni mchezo.

4.3 Kituo cha polisi

Seth anapokuta kichwa cha May kitandani mahali alipomwacha Denise, fremu ya mchezo inavunjika kwa wote waliobaki ndani. Anafanikiwa kulipanda lango lenye ncha za chuma, anatoroka na kufika kituo cha polisi. Huko anaeleza alichokiona. Polisi hawamsadiki. Wanajua huu ni usiku gani, wamezoea vituko vya wanafunzi, na kwao kijana anayehema akitaja maiti ni sehemu nyingine ya tamasha lilelile. Seth anaishia kuiba bunduki na kurudi peke yake, na anauawa.

Tukio hili ni fupi, lakini ndilo kitovu cha filamu. Katika matukio ya awali mzaha ulikuwa umefungiwa nyuma ya lango. Sasa inadhihirika kwamba lango halikuuzuia kutoka. Umefika mjini kabla ya Seth na kumngojea kwenye meza ya polisi. Taasisi iliyowekwa kusikia mayowe imefundishwa, kwa miaka ya mizaha, kutoyasikia. Polisi hawa hawaonyeshwi kuwa waovu. Wanafanya kosa ambalo mtu yeyote mwenye uzoefu angelifanya, na ubaya wenyewe umo katika kueleweka kwa kosa hilo.

Hapa ndipo kazi ya kubuni inapokutana na kumbukumbu halisi. Katika kisa cha Pennsylvania kilichotajwa hapo juu, hakuna muuaji aliyejificha katika njia za chini kwa chini. Palikuwa na kijana aliyelala akiwa ameumia, na wenzake waliokaa na hali yake kwa saa nyingi bila kuita msaada. Usiku ambao kulewa kupita kiasi ndiyo shughuli iliyopangwa, mwili usioweza kusimama huhesabiwa kuwa dalili ya kwamba shughuli imefanikiwa. Mwili wenyewe hugeuka kuwa yowe lisilosikika.

4.4 Lango na mapambazuko

Marti anabaki peke yake baada ya Jeff kurushwa dirishani. Anauchukua ufunguo kutoka kwenye maiti ya Peter, analiwasha gari, na muuaji wa mwisho anakufa kwa kuchomwa na ncha za lango lilelile lililowafungia. Kunapambazuka, naye anatoka akitembea.

Mambo mawili yanahitaji kuangaliwa. La kwanza ni kwamba Marti ametimiza sharti. Aliambiwa akae hadi asubuhi, naye amekaa. Yeye ndiye pekee aliyefaulu mtihani, lakini hakuna wa kumtangaza. Kiongozi wa chama amekufa na ufunguo umepatikana mfukoni mwa maiti. Kwa mtazamo wa van Gennep, hatua ya kutengwa imekamilika na hatua ya ukingoni imepitiwa kwa kiwango cha kutisha, ila marejeo hayapo. Hakuna nyimbo, hakuna jina jipya, hakuna kundi la kumpokea. Chama kilichodai kuwa na uwezo wa kumgeuza mgeni kuwa dada hakikuwa na cha kumpa zaidi ya lango.

La pili ni kile kilichomwokoa. Katika mazungumzo yake na Jeff, kijana wa familia yenye mali, Marti anajieleza kuwa binti aliyekulia karibu na gereji ya baba yake. Ujuzi wa magari alioupata huko, ambao katika karamu ya akina Peter ungeonekana kuwa alama ya unyonge wa kitabaka, ndio unaomwezesha kuondoka. Filamu inaweka mafunzo ya aina mbili mkabala. Mzazi alifundisha kitu kwa kazi ya kila siku. Chama kilitisha kwa usiku mmoja na hakikufundisha chochote.

Pamoja na nguvu hizo, filamu ina udhaifu usiopaswa kufichwa. Inaurithi mtindo wa kale wa filamu za kutisha wa kuufanya ulemavu wa mwili kuwa sura ya uovu. Aidha, kwa kuwaleta wauaji kutoka nje ya chama, inawapunguzia wanachama hatia: Peter ni mpumbavu, lakini si yeye aliyeua. Filamu huru ya baadaye, Pledge (2018), iliyoongozwa na Daniel Robbins na kuandikwa na Zack Weiner, inaliziba pengo hilo. Ndani yake vijana watatu waliokataliwa kwingine wanaalikwa katika nyumba ya mbali, na wanaowatesa ni wenyeji wenyewe waliowakaribisha kwa tabasamu. Zikisomwa pamoja, filamu hizi mbili zinakamilishana: ya kwanza inaonyesha kwa nini yowe halisikiki, ya pili inaonyesha kwa nini aliyeumizwa huchelewa kulipiga, kwa kuwa bado anatumaini kukubaliwa.

5. Suala la istilahi

Uchambuzi huu una athari kwa lugha yenyewe ya uchambuzi. Mfasiri, msimulizi wa filamu katika kibanda cha video au mwandishi wa habari anayetaka kukitaja kitendo hiki kwa Kiswahili hana neno moja lililokubalika. Misimu ya shule za sekondari imempa jina mgeni, ambaye Tanzania huitwa njuka na Kenya huitwa mono, lakini kitendo anachofanyiwa kimebaki kuelezwa kwa maneno ya jumla. Maneno matatu hujitokeza haraka, na kila moja linastahili kupimwa.

La kwanza ni jando, pamoja na mwenzake unyago. Kufanana kupo: kutengwa, siri, maumivu, hadhi mpya. Wala si sahihi kuyapamba makumbi kana kwamba hayakuwa na hofu wala madhara. Tofauti iko katika uwajibikaji na katika mafunzo. Ngariba, kungwi na nyakanga ni watu wazima wanaojulikana, waliokabidhiwa wari na wazazi na wanaotarajiwa kuwarudisha. Nyimbo na mafumbo ya kumbini yana maana ambayo mwari hufunuliwa kabla ya kutoka, na jamii nzima humngojea kwa ngoma. Katika chama cha udugu, kijana wa miaka 20 humtesa wa miaka 18 bila mzazi kujua, na fumbo halina jibu. Kukiita kitendo hiki jando ni kukikopesha heshima ambayo hakina.

La pili ni utani. Hapa pia kuna ufanano wa nje, kwa kuwa mtani huruhusiwa kusema na kutenda yale ambayo kwa mwingine yangekuwa matusi, hata msibani. Lakini utani una sheria mbili ambazo Hell Night inazikosa kabisa. Kwanza, ni wa pande mbili: anayetania leo hutaniwa kesho, na hakuna anayebaki mnyonge daima. Pili, ni wa hadharani: watani wanajulikana, na kila aliyepo anajua kwamba fremu ya mchezo imewekwa. Mtani anayechekesha msibani ndiye pia anayesaidia shughuli za maziko. Kwa lugha ya Bateson, utani hutangaza kwamba huu ni mchezo. Mateso ya waombaji huishi kwa kuliacha swali wazi.

La tatu ni uonevu. Neno hili lina faida ya kutaja tofauti ya nguvu na kutoa hukumu ya kimaadili. Upungufu wake ni kwamba halionyeshi kuwa anayeonewa amekuja kwa miguu yake, anatamani kuingia, na mara nyingi ameapa kuvumilia. Ridhaa hiyo ndiyo inayokifanya kitendo kiwe kigumu kuripotiwa. Kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza istilahi uonevu wa mapokezi. Neno mapokezi hutaja mahali na wakati wa kitendo, yaani mlangoni pa kundi, na huhifadhi mgongano ulio ndani yake: mgeni anapokewa na kuonewa kwa mkono uleule. Istilahi hii inaweza pia kutumika kwa shule za bweni, majeshi na timu za michezo bila kubadilishwa.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Hell Night inajenga hofu yake juu ya kuvunjika kwa mkataba wa lugha. Onyo la fanani linasikika kama burudani, mayowe ya kanda yanayafunika mayowe ya kweli, na kituo cha polisi kinamrudisha mlalamikaji kwenye kifo kwa sababu mji mzima umekubali kwamba usiku huo maneno hayana uzito. Muuaji wa jumba la Garth anahitajika na utanzu. Chanzo cha maafa ni mzaha uliokwisha kumfungulia njia.

Imeonekana pia kwamba uteuzi wa neno ni sehemu ya jambo lenyewe. Jamii inayokiita kitendo hiki jando itakiheshimu, inayokiita utani itakicheka, na katika hali zote mbili itachelewa kufika. Kukiita uonevu wa mapokezi ni kumwachia anayeumia nafasi ya kupiga yowe na kuaminiwa. Tafiti zijazo zinaweza kulifuatilia suala hili katika riwaya na tamthilia za Kiswahili zinazosawiri maisha ya shule za bweni, ambamo mgeni naye hufika akiwa na sanduku lake na hamu yake ya kukubaliwa, na ambamo swali iwapo huu ni mchezo huulizwa kila mwanzo wa mwaka.